UZI: Nyinyi mnaosema "tugawane nchi kila mtu abaki kwao", hebu tuongee hii maneno mpaka mwisho

MTU WA KAYOLE (mwenye uzi)

Wasee habari za jioni. Nimeona leo tena kwa ule uzi wa siasa watu kadhaa wameandika ati dawa ya ukabila Kenya ni moja tu, tugawane nchi, kila kabila lichukue upande wake, tumalize hii kelele ya kila miaka mitano. Si mara ya kwanza. 2017 baada ya uchaguzi kurudiwa mambo ya kujitenga yaliongewa wazi mpaka na waheshimiwa, na kabla ya hapo Pwani kulikuwa na MRC, kile kikundi cha kutaka Pwani ijitenge, na "Pwani si Kenya". Sitaki kumtukana mtu hapa kwa sababu najua wengine mnasema hivyo mkiwa mmeumia kweli. Lakini hii kitu imejaribiwa mahali pengi duniani, iko na historia, na kabla mtu aseme tugawane ni vizuri ajue wale waligawana walipitia nini. Nitaandika refu, mnivumilie.

Tuanze na India kwa sababu ndio kubwa zaidi. 1947 Mwingereza anatoka kwa haraka, Waislamu na Wahindu na Masingasinga washaanza kuuana, ikaamuliwa nchi igawanywe iwe India na Pakistan, na majimbo ya Punjab na Bengal yakatwe katikati. Mwenye alipewa kalamu ni wakili mmoja wa London anaitwa Cyril Radcliffe, na huyo jamaa hakuwa amewahi kukanyaga India hata siku moja. Alifika tarehe 8 Julai, akapewa kama wiki tano, akakaa na ramani na hesabu za sensa akachora. Uhuru ukaja katikati ya Agosti, watu wakapandisha bendera bila kujua wako nchi gani, kwa sababu mpaka wenyewe ulitangazwa tarehe 17, uhuru ushapita. Kuna sehemu zilikaa siku kadhaa zikidhani ziko upande huu kumbe ziko upande ule.

Kilichofuata mnakijua, lakini wacha niandike tu. Watu kati ya milioni 10 na 15 walihama, wengine kwa miguu, wengine kwa mikokoteni ya ng'ombe, wengine kwa treni, na kuna treni zilifika stesheni zimejaa maiti. Waliokufa hakuna mwenye aliwahesabu vizuri, makadirio yanaanzia laki mbili mpaka milioni mbili. Sasa baada ya hayo yote shida iliisha? India na Pakistan walipigania jimbo la Kashmir mwaka huo huo, wakarudi 1965, wakarudi Kargil 1999, na leo pande zote mbili ziko na bomu la nyuklia. Pakistan ambayo ilitengenezwa iwe nyumba ya Waislamu ikapasuka 1971, Bangladesh ikatoka kwa damu, Waislamu kwa Waislamu, sababu ikiwa ni lugha na nani anatawala na pesa zinaenda wapi. Na India yenyewe bado ilibaki na Waislamu, sensa yao ya 2011 ilihesabu kama milioni 172. Yaani laini ilichorwa, mamilioni wakahama, halafu bado kila upande ukabaki na wachache wanaoambiwa nendeni kwenu.

Hapo ndio kuna jambo langu lote kwa huu uzi. Mpaka hautenganishi watu. Watu wanatenganishwa kwanza, kwa panga ama kwa lori, ndio mpaka ukae. Kwa hivyo mtu akisema tugawane nchi, kile anasema ni kwamba kuna watu watahamishwa, na swali la kwanza ni nani hao na nani atawahamisha. Hilo swali sijaona mtu yeyote hapa akilijibu.

Mfano wa pili tunaujua vizuri kwa sababu ulitengenezwa hapa hapa kwetu. Sudan. Itifaki ya kwanza ilisainiwa Machakos Julai 2002, msuluhishi akiwa jenerali wetu Lazaro Sumbeiywo, mazungumzo yakaendelea Naivasha, na tarehe 9 Januari 2005 mkataba kamili ukasainiwa hapa Nairobi, Nyayo Stadium. Ukasema baada ya miaka sita watu wa Kusini wapige kura wenyewe. Januari 2011 wakapiga, asilimia 98.83 wakasema tunaondoka, na tarehe 9 Julai bendera ikapanda Juba. Nasema wazi, kura kama hiyo hakuna mtu wa nje ana haki ya kuwaambia mlikosea. Hao watu walipigwa vita toka kabla Sudan ipate uhuru, wakaletewa sheria za dini ambazo hawakuzitaka, vijiji vikachomwa, watu wakazikwa bila hesabu. Kama kuna watu walikuwa na sababu ya kutoka ni hao.

Lakini sasa angalieni ule mpaka ulifanya nini. Eneo la Abyei, pale mpakani, wanakaa Wadinka wa Ngok, na Wamisseriya wanashuka na ng'ombe kila kiangazi kutafuta maji na malisho, hakuna laini unaweza kuchora pale ikawafaa wote, mtu wa Isiolo ama Baringo anaelewa hii bila kuelezewa. Walikuwa wapige kura yao ya kuchagua upande Januari ile ile ya 2011 na mpaka leo kura inayokubalika na pande zote haijapigwa, kwa sababu hawakukubaliana nani ahesabiwe kuwa mkaazi. Halafu kuna Milima ya Nuba, kule Kordofan Kusini, na Blue Nile. Hao walipigana upande wa SPLA, jeshi la waasi wa Kusini, miaka yote, watoto wao walikufa kwa hiyo vita, na ramani ikawaacha kaskazini. Hata kabla bendera ya Juba ipande, Juni 2011, vita vilishaanza tena Kordofan Kusini, na Septemba vikaingia Blue Nile. Hii ndio inaniuma zaidi kuliko yote kwa hiyo habari. Mtu amepigania uhuru pamoja na wewe miaka ishirini, siku ya kugawana unamwacha upande wa yule mlikuwa mnapigana naye. Mafuta nayo, mengi yakabaki kusini, bomba likabaki kaskazini, Januari 2012 Juba ikafunga visima kwa sababu ya ugomvi wa ada za bomba, Aprili wakapigania eneo la mafuta la Heglig.

Na ndani ya Sudan Kusini yenyewe? Tarehe 15 Desemba 2013 askari wa serikali moja waligeukiana Juba. Khartoum haikuwa hapo ya kulaumiwa. Ndani ya siku chache watu wanaulizwa lugha kwa kizuizi, Mdinka ama Mnuer, na jibu ndio linaamua unapita ama unakufa. Halafu Rais Kiir akaendelea kukata tena, majimbo 10 yakawa 28 mwaka 2015, yakawa 32 mwaka 2017, na kila ukikata kuna jamii inalia imenyang'anywa ardhi, mpaka Februari 2020 wakarudi kwa yale 10 na maeneo matatu ya utawala ndio serikali ya pamoja iundwe. Ukishakubali kwamba kabila likigombana na kabila dawa ni kuchora laini, utachora ya kwanza, na ya pili, na hakuna mahali pa kusimama.

Nimemaliza kwa sasa. Mwenye ana hoja aweke, tuheshimiane.

WA NGONG ROAD

Mwenye uzi umeandika vizuri lakini umechagua mifano mibaya tu. Mbona hutaji Chekoslovakia? 1 Januari 1993 waliachana, Wacheki huku Waslovakia kule, hata risasi moja haikulia na leo ni marafiki wote wako Umoja wa Ulaya. Mbona hutaji Saiprasi? Wagiriki na Waturuki walikuwa wanachinjana, 1974 kisiwa kikakatwa, toka hiyo siku hakuna vita. Ndoa ikishindikana watu wanaachana bana, kuliko kungoja mmoja amuue mwenzake. Sisi hapa tunalazimishana kupendana toka 1963 na kila uchaguzi tunahesabu maiti.

MTU WA KAYOLE

Ndugu asante, hizo ni hoja za maana na sitazikwepa.

Chekoslovakia ni kweli, na iliwezekana kwa sababu mambo mawili yalikuwa tayari. Moja, mpaka kati ya hizo sehemu mbili ulikuwepo ndani ya shirikisho lao na hakuna aliyeubishania. Mbili, Wacheki wengi sana walikuwa tayari wanaishi upande wa Cheki na Waslovakia upande wao, hakukuwa na mtu wa kubeba godoro. Lakini jiulize mbona hiyo nchi ilikuwa imenyooka hivyo. Kabla ya vita vya pili vya dunia ilikuwa na Wajerumani kama milioni 3 na jamii kubwa ya Wayahudi. Wayahudi waliuawa na Wanazi. Wajerumani walifukuzwa 1945 na 1946, na maelfu walikufa katika huko kufukuzwa. Ile talaka safi ya 1993 ilikuja baada ya kazi chafu kufanywa miaka karibu hamsini nyuma.

Saiprasi, nakubali na wewe kwamba mauaji makubwa yalikoma. Siwezi kusema uongo ndio nishinde. Lakini hesabu bei. Wasaiprasi wa Kigiriki zaidi ya laki moja na nusu walikimbilia kusini na kuacha kila kitu, wa Kituruki makumi ya maelfu wakaenda kaskazini, na mashamba na nyumba walizoacha zinabishaniwa mpaka leo. Nicosia ni mji mkuu umepasuliwa katikati kwa waya na magunia ya mchanga, na ule uwanja wao wa ndege wa zamani uko ndani ya eneo la Umoja wa Mataifa, umekufa toka 1974. Kaskazini walijitangaza nchi 1983 na ni Uturuki peke yake inaitambua. Askari wa Umoja wa Mataifa wako pale toka 1964, yaani walikuja kabla hata ya kugawana na bado wapo. Aprili 2004 wakapewa mpango wa kuungana, Waturuki asilimia 65 wakasema ndio, Wagiriki asilimia 76 wakasema hapana, na kesi ikarudi pale pale. Bunduki zimenyamaza kwa sababu kuna jeshi kubwa la Uturuki upande mmoja na askari wa dunia katikati. Sisi atakuja kutusimamia nani, na kwa miaka mingapi?

Na hiyo ya ndoa. Wawili wakiachana kila mtu anajijua ni nani. Sisi ni makabila zaidi ya arobaini, tumezaana, na watoto wako nyumbani wanasikiliza.

MWANA WA BONDE

Nimesoma yote. Mimi si msomi, naomba niongee kama mtu amehamishwa. 1992 nilihamishwa nikiwa mtoto, tukarudi, 2008 kwa fujo za baada ya uchaguzi nikahamishwa nikiwa na watoto wangu mwenyewe. Jirani aliyenificha na jirani aliyewaonyesha vijana boma langu wote nilikuwa nakula nao, watoto walicheza pamoja. Huwezi kunieleza mambo ya kuishi pamoja nikakuelewa. Kile kipande changu nilikiuza bei ya kutupa kwa mtu ambaye nina shaka alijua nini kitatokea. Saa hii niko Mai Mahiu, nalala usingizi. Kwangu mimi nchi ilishagawanywa zamani, ni ramani tu haijaandikwa. Wewe uko Kayole mahali kila mtu amekuja kutoka kwingine, hujui kuitwa doa kwa shamba umezaliwa.

MTU WA KAYOLE

Mzee wangu, pole sana, na pole haitoshi. Siwezi kukuambia urudi. Hakuna mtu anafaa kukuambia urudi. Nikionekana nimesema hivyo wacha ninyooshe.

Hicho unasema, kuna msomi wa Marekani anaitwa Chaim Kaufmann alikiandika katikati ya miaka ya 1990 wakati wa vita vya Bosnia. Hoja yake ni kwamba watu wakishauana kwa misingi ya kabila, kila upande unamwogopa mwingine kwa sababu nzuri, kila mtu anajihami, na kule kujihami kwako mwenzako anaona ni kujiandaa kumshambulia, kwa hivyo kuwarudisha pamoja bila ulinzi ni kuwaandalia kifo kingine. Mimi hiyo hoja siidharau. Baadaye, mwaka 2000, msomi mwingine, Nicholas Sambanis, alichukua vita vingi vya wenyewe kwa wenyewe toka 1945 akapima kama zile nchi ziligawanywa zilipata amani kuliko zile hazikugawanywa, na hakuona kwamba kugawa kunazuia vita kurudi. Lakini najua takwimu hazimlazi mtu usingizi, Mai Mahiu ndio inakulaza, na hiyo ni haki yako. Hata hapa Nairobi 2008 Mathare na Kibera watu walihama kutoka ploti moja kwenda ingine kufuata kabila, landilodi wengine walinyang'anywa nyumba na wapangaji wakakaa bila kulipa, na kuna sehemu hazijachanganyika tena mpaka leo. Hilo ni kweli.

Kitu naomba uone ni hiki. Wewe kuhama ni jambo moja. Serikali kuchora mpaka pale moto ulipita ni jambo lingine kabisa, kwa sababu ukichora mpaka baada ya moto, yule aliyewasha moto umempa hatimiliki. Yule alinunua shamba lako kwa bei ya kutupa, huo mpaka unamwambia kwamba hesabu yake ilikuwa sawa. Na kijana wa kwingine anayeona, anajifunza. Angalia Bosnia. Julai 1995 Srebrenica waliuawa wanaume na vijana Waislamu zaidi ya 8,000. Miezi minne baadaye kwa mkataba wa amani kule Dayton, Marekani, ramani ikakubaliwa, asilimia 51 kwa shirikisho la Wabosnia na Wakroati, 49 kwa jamhuri ya Waserbia, na Srebrenica ikaandikwa ndani ya hiyo 49. Mama anarudi kuzika mwanawe anapita chini ya bendera ya upande uliomuua. Vita vilikoma, ndio, na ningekuwa pale hata mimi labda ningesaini ndio watu waache kufa. Lakini usiniambie hiyo ni haki.

Na huko huko Bosnia kuna kitu kimoja walifanya ambacho sisi hatukufanya. Ule mkataba uliweka kwamba kila aliyefukuzwa nyumba yake ni yake, hata kama hataki kurudi. Ilichukua miaka, ilibidi wageni wenye mamlaka wawafute kazi maafisa waliokuwa wanazuia, lakini nyumba nyingi sana zilirudishiwa wenyewe. Wengine wakarudi kukaa. Wengi wakauza, lakini wakauza wakiwa na cheti mkononi na bei yao. Sisi 2008 familia zilipewa elfu kumi za kuanzia maisha, waliochomewa nyumba elfu ishirini na tano, na wengi hata hizo wakazingoja sana. Shamba la mtu lilikokwenda hakuna aliyeuliza.

MWANA WA BONDE

Hiyo ya cheti mkononi na bei yangu ningekubali. Hata leo ningekubali. Sitaki kurudi lakini sitaki yule mtu alale akijua ni halali yake.

DADA WA GARISSA

Assalaam aleikum wote. Nimengoja nione kama mtu atataja sisi. Mnaongea ni kama Kenya hakuna mtu aliwahi kuomba kutoka rasmi. 1962 Waingereza walituma tume NFD, yaani wilaya ya mpaka wa kaskazini ya wakati huo, watu wakaulizwa, na Wasomali kwa wingi mkubwa walisema wanataka kwenda na Somalia. Tukaambiwa hapana. 1963 watu wetu wakasusia uchaguzi, Desemba mwaka huo hali ya hatari ikatangazwa, vita vya Shifta, wale wapiganaji wa kutaka kujitenga, mpaka mkataba wa Arusha 1967, na sheria za hatari zilibaki mpaka 1991, yaani mtu wa Garissa amezaliwa, ameoa, amepata watoto wote chini ya sheria ambazo mtu wa Nyeri hakuzijua. Mauaji ya Wagalla 1984 sitaandika, kila mtu atafute asome. Kwa hivyo mwenye uzi ukisema kugawana kunaua, kweli. Na kukatazwa kugawana pia kuliua. Andika zote mbili.

MTU WA KAYOLE

Waaleikum salaam dada. Uko sahihi na hilo lilipaswa kuwa kwa uzi toka mwanzo. Viongozi wa Afrika walikaa Cairo Julai 1964 wakakubaliana mipaka ya mkoloni ibaki vile ilivyo, Somalia na Morocco wakakataa, na woga wao ulikuwa na sababu kwa sababu ukifungua mmoja inafunguka yote. Lakini wengi walichukua ule uamuzi wakaufanya ruhusa ya kuwatendea watu wa mpakani watakavyo. Mtu ukimnyima ruhusa ya kuondoka, deni lako kwake linakuwa kubwa zaidi, unafaa umpe barabara na hospitali na kitambulisho kabla ya wengine wote. NFD ilipewa kizuizi cha barabarani. Naomba kukuuliza kwa heshima, leo watu wa huko mngeulizwa tena mngesema nini?

DADA WA GARISSA

Siwezi kuongelea wote. Mimi na umri wangu, hapana, nisingeondoka. Somalia ilianguka 1991 na jamaa zetu ndio walijaza kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Waliokuwa wanaitwa watu wa kabila moja dini moja lugha moja wakagawana kwa koo, na koo kwa koo ndogo. Na kusema ukweli kaunti imebadilisha kitu. Kuna lami mji wa Garissa ambayo baba yangu hakuiona, kuna daktari, kuna pesa inaamuliwa hapo hapo hata kama inaibiwa hapo hapo. Kitambulisho ndio kilibaki nyuma. Kijana wangu aliitishwa cheti cha babu yake ndio apate kitambulisho, na rafiki yake wa shule Nairobi alichukua chake bila kuulizwa, hapo ndio nilijua bado hatujafika.

MPANGAJI WA PIPELINE

Swali moja tu. Nairobi inaenda upande gani? Mimi baba Mkamba wa Makueni mama Mluo wa Siaya, mke wangu ni wa Bungoma, watoto wanaongea Kiswahili na Sheng pekee. Na la pili, kaunti 47 si ndio kugawana tayari? Mbona hiyo mnaisifu?

MTU WA KAYOLE

La Nairobi hakuna mtu atakujibu kwa sababu halina jibu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu karibu milioni 4.4 hapa, na kila kabila la hii nchi liko ndani. Na watu kama watoto wako ndio wa kwanza kuumia kila mahali hii kitu imefanywa. 1923 Ugiriki na Uturuki walikubaliana kule Lausanne kubadilishana watu, kama Wakristo milioni 1.2 waende Ugiriki na Waislamu laki tatu na nusu hadi nne waende Uturuki. Kipimo kikawa dini. Kuna Wakristo walikuwa wanaongea Kituruki peke yake wakapelekwa Ugiriki, na Waislamu wa kisiwa cha Krete kule Ugiriki wanaongea Kigiriki wakapelekwa Uturuki, na huko walikofika wakaonekana wageni. Karani wa kugawa anataka kisanduku kimoja cha kutia tiki, hana mahali pa kumwandika mtoto wako.

Na usifikirie ni Nairobi tu. Nakuru iko na watu zaidi ya milioni mbili, Wakikuyu, Wakalenjin, Wamaasai, Waluo, Wakisii, Waluhya, hiyo utaikatia wapi? Molo? Naivasha? Likoni je? Trans Nzoia? Busia ambapo Mteso na Mluhya wanatumia soko moja na kisima kimoja? Wa Ngong Road, nakuomba kwa moyo safi kabisa, chora ramani yako utuwekee hapa, na kila mahali umepitisha laini utuandikie ni familia gani zinahama.

Kaunti sasa. Umeuliza vizuri. Ndio, ni kugawana, lakini ni kugawana madaraka na pesa, si watu. Katiba inasema angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa iende kaunti, lakini mtu wa Makueni anahamia Kisumu asubuhi bila kuuliza mtu. Hiyo tofauti ndio naililia huu uzi wote. Mipaka ya kaunti ilichukuliwa kutoka kwa wilaya za zamani, na hata hiyo midogo bila jeshi wala pasipoti inagombaniwa. Vihiga na Kisumu wanavutana juu ya Maseno. Taita Taveta na Makueni juu ya Mtito Andei. Garissa na Kitui dada hapo juu anajua kuliko mimi. Sondu, kwa mpaka wa Kisumu na Kericho, watu wamekufa na nyumba zimechomwa miaka ya hivi karibuni, na ule ni mpaka wa kaunti tu! Fikiria ungekuwa wa nchi, kila upande na jeshi lake.

Na kaunti pia imezalisha wachache wake. Kuna magavana wameajiri kama vile kaunti ni boma la ukoo. Ndio maana sheria ya serikali za kaunti ya 2012, kifungu cha 65, inasema angalau asilimia 30 ya nafasi za kuingilia kazi ziende kwa watu wasio wa kabila kubwa la hiyo kaunti. Ni sheria, imeandikwa, na NCIC, tume ya uwiano na utangamano, walipokagua 2016 kaunti nyingi hawakuwa wamefikisha. Yaani kile kitu kingemfanya Mwana wa Bonde ahisi ni mwenyeji pale alipozaliwa kiko kwa vitabu na hakuna mtu anakifuatilia, tuko hapa tunajadili kukata nchi.

Mfano wa mwisho. Ayalandi ya Kaskazini walikatwa kutoka Ayalandi nyingine 1921, ile laini ikaacha Wakatoliki wengi ndani pamoja na Waprotestanti, na toka mwisho wa miaka ya 1960 wakauana miaka thelathini, zaidi ya watu 3,500. Kwa mkataba wa amani wa 1998 laini haikusogezwa hata hatua moja. Walichokubaliana ni serikali ambayo hakuna upande unaweza kuiendesha peke yake, na kila mtu achague mwenyewe kuwa Mwayalandi, Mwingereza ama vyote viwili. Kuta bado ziko Belfast kati ya mitaa, hakuna aliyepona kabisa, lakini mpangaji mwenye baba huku na mama kule ana mahali pa kujiandika.

Kwa hivyo tufanye hivi. Bodi ya ajira ya kila kaunti inafaa kutoa ripoti ya namna imeajiri. Mwenye anaweza kuipata ya kwao aiweke hapa tuhesabu pamoja hiyo asilimia 30. Mimi naanza na Nakuru kesho. Mzee wa Mai Mahiu, kama uko tayari, nitumie kwa inboksi karatasi zozote za lile shamba ulizobaki nazo, kuna wakili namfahamu wa kesi za ardhi, anakubali kuzisoma bure.

MWANA WA BONDE

Barua ya kugawiwa shamba ninayo, na risiti za chama. Nitapiga picha usiku mtoto akirudi na simu.